Ombi la Kutambua Jeneza Kuwa Chombo cha Safari

Kwa Meneja,
Kitengo cha Kadi za Wafanyabiashara Wadogo,
Ghorofa ya Pili (lifti mbovu, nimepanda ngazi mara saba).

Ndugu Meneja,

YAHUSU: KADI YENU YA MAILI NA VIFO VYA POINTI ZANGU 38,400

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya. Katika kazi yangu salamu hiyo naitoa kwa uangalifu, maana nikiuliza sana habari za afya ya mtu, huanza kuhisi namkadiria urefu.

Mimi ni fundi majeneza. Kwa miaka ishirini na miwili nilitengeneza makabati katika kiwanda cha samani, hadi kilipofungwa nikaondoka na kiinua mgongo na msumeno mmoja ambao, kusema kweli, sikupewa. Mwaka jana mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tulifungua karakana yetu mkabala na shule ya udereva. Mimi naranda na kuunga. Yeye, ambaye mtaa mzima unamwita Pindo kwa sababu ametoka kwenye ufundi cherehani, anashona satini ya ndani na mito. Kazi si mbaya. Wanafunzi wa udereva wakifika mbele ya mlango wetu hupunguza mwendo bila kuambiwa na mwalimu.

Nakuandikia kulalamika, kwa heshima zote, na kuomba jambo moja dogo. Malalamiko nimeyapanga kwa namba kwa kuwa mtoa huduma wenu wa simu alinieleza kwamba lalamiko lisilo na namba halishughulikiwi. Huenda alimaanisha namba nyingine.

1. Kuhusu upole wa afisa wenu.

Kadi hatukuitaka kwa anasa. Kampuni inayouza mishikio mizuri ya shaba haipokei fedha taslimu, na jeneza lisilo na mishikio ni kabati lililolala. Basi tukaja benki, mimi na Pindo, tukaketi mbele ya afisa wenu, binti mwenye miwani ya fremu nyekundu. Akatandaza vipeperushi vitatu mezani kama mtu anayegawa karata.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya marejesho: ukinunua chochote, unarudishiwa kipande kidogo. Ya pili ilikuwa ya zawadi: unakusanya pointi, unachagua pasi au seti ya sufuria kwenye kitabu chenye picha. Ya tatu ndiyo ya maili: pointi zinageuka tiketi ya ndege, na unapata mara tatu ukitumia kwenye safari, hoteli na migahawa. Vitu vingine vyote vinaitwa "mengineyo", na hivyo vinapewa pointi za kubembelezea.

Pindo ni mtu wa kupima kitambaa mara mbili kabla ya kugusa mkasi. Akasema, "Shemeji, tuchukue ya marejesho. Sisi tunanunua mbao na misumari. Ni lini umeniona nalala hotelini?"

Afisa wenu akamuunga mkono. Akaniambia kadi huchaguliwa kwa kutazama risiti za jana, si ndoto za kesho. Akaniuliza taratibu, "Mzee, kwani mwaka jana ulisafiri wapi?" Nikamjibu kwamba nilikwenda kwa daktari wa meno.

Kwa hiyo sisemi kwamba alinidanganya. Kosa lake ni kwamba aliyasema hayo yote kwa upole. Mtu akimwona mwenzake anaelekea shimoni hamwambii "nadhani" na "labda ungefikiria". Humshika shati. Shati langu halikushikwa.

Na shimo lenyewe mlilichimba ninyi. Kipeperushi cha tatu kilikuwa na picha ya bibi akimkumbatia mtoto mchanga uwanja wa ndege. Binti yangu ni muuguzi, anafanya kazi ng'ambo, na mwezi uleule alikuwa amejifungua mjukuu wetu wa kwanza. Mke wangu humwona kwenye simu yake, ambayo kioo chake kimepasuka, hivyo sisi tunavyomjua huyo mtoto ana ufa unaoanzia sikioni hadi kidevuni. Jioni moja, akikunja nguo, mke wangu alisema, "Natamani kumwona huyu mtoto kabla hajaanza kunikimbia." Hakusema zaidi. Nilipoiona ile picha yenu sikuona tena vile vipeperushi viwili. Nikasaini. Pindo naye akasaini, kwa mwandiko wa mtu anayepinga.

2. Kuhusu neno "mengineyo".

Taarifa ya mwezi wa kwanza ilipokuja nilivaa miwani na kuisoma nimesimama. Mbao: mengineyo. Vanishi: mengineyo. Satini: mengineyo. Mishikio ya shaba, iliyotuleta kwenu: mengineyo. Nikapiga simu kuomba vitu hivyo vihamishiwe kwenye kundi la safari.

Mtoa huduma akaniuliza nafanya biashara gani ya usafiri. Nikamwambia nasafirisha watu.

"Kwa basi au kwa ndege?"

"Kwa sanduku," nikamjibu.

Akaniomba nisubiri. Kisha akaniwekea muziki kwa dakika kumi na nane.

Sasa Ndugu Meneja, twende polepole. Mwezi wa tatu mlifiwa na mhasibu wenu mstaafu, na jeneza lake nililitengeneza mimi. Siku ya mazishi nililisoma shada lenu la maua. Lilikuwa na kadi yenye nembo ya benki na sahihi za watu wa ghorofa nzima, na juu yake mmeandika, "Umetutangulia. Safari njema." Hayo ni maneno yenu, kwa wino wenu. Nauliza tu: inakuwaje iwe safari mnapotia sahihi rambirambi, halafu iwe mengineyo mnapogawa pointi? Au mlimdanganya marehemu?

3. Kuhusu kuwalisha wafiwa.

Kwa kuwa mbao zilikataliwa, nilibaki na njia ya migahawa. Nikaanza kukutana na wateja katika mgahawa wa hoteli iliyo kona ya mtaa wetu, badala ya pale karakanani kwenye viti viwili na kopo la gundi. Nilidhani ni ustaarabu. Lakini mfiwa hali, Ndugu Meneja. Anaagiza kwa kuogopa kukuudhi, anakizungusha chakula kwenye sahani, machozi yanadondokea humo, kisha anakusogezea. Chakula kilicholipiwa hakitupwi.

Katika miezi mitatu niliongezeka kilo kumi na moja. Zamani nilikuwa nikijaribu kila jeneza la saizi ya kati kwa kulala ndani yake, niusikilize mlio wa mbao. Sasa mabega hayaingii. Pindo ndiye analala, na yeye hulala kweli, hadi nimgongee.

Pointi zilizopatikana: 4,100. Tiketi moja inataka 60,000.

4. Kuhusu milango.

Hapa naomba usome ukiwa umeketi.

Hoteli hiyo ilianza kukarabatiwa. Mtunza stoo akanionyesha milango arobaini ya zamani imeegemezwa ukutani nyuma ya jiko, mbao ngumu, kavu, nzito, isiyopatikana tena siku hizi. Meneja wa hoteli alikubali kuniuzia yote, kwa halali na kwa risiti. Sasa sikiliza: malipo yalipita kwenye mashine ya kadi ya mapokezi, na mashine hiyo inajua jambo moja tu. Ikaandika "malazi". Pointi mara tatu. Nilitaka kumbusu yule dada wa mapokezi nikakumbuka umri wangu.

Pindo akaizunguka ile milango mara mbili, akasema, "Shemeji, mlango ni mlango."

Nikamwambia mbao haina kumbukumbu. Nilikosea. Kila mlango ulikuwa na namba ya chumba na kitundu cha kuchungulilia mgeni. Namba tuling'oa, lakini alama yake ilibaki chini ya vanishi kama kovu. Vitundu tuliviziba kwa puti ya mbao. Viwili vitatu, siku za haraka, vilitupita.

Ikaja siku ya mazishi ya mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Jeneza linashushwa garini mbele ya ukoo mzima, jua likaupiga mfuniko, na hapo kila mtu akakiona: kitundu, na kioo chake kidogo, usawa wa uso wa marehemu. Mimi nikaanza kutazama njia iliyo wazi kwenda barabarani. Mjane akasogea. Akainama, akaweka jicho, akakaa hivyo kwa muda, kisha akanyooka akasema, "Kiacheni. Miaka thelathini huyu alikuwa akichungulia wapangaji, nani amerudi na nani anahama na kodi yake. Mkikiziba hatatulia."

Tangu siku hiyo nimepata oda mbili za majeneza yenye kitundu. Hilo silihesabu kuwa faida, nalihesabu kuwa aibu inayolipa.

Msiba mwingine, kaka wa marehemu aliona alama ya 214 kwenye mfuniko akauliza maana yake. Pindo, bila kupepesa, akamwambia ni namba ya oda. Baadaye nikasikia ndugu wawili wa marehemu waliicheza namba hiyo kwenye bahati nasibu na mmoja akashinda. Sikuletewa hata soda.

Ninachosema ni hiki: mngetoa pointi kwa mbao, hakuna mtu ambaye angezikwa na mlango. Damu hiyo, kwa namna ya kusema, iko mikononi mwenu.

5. Ada ya mwaka.

Hii naiacha. Nikiianza sitamaliza, na karatasi ni ya kununua.

6. Kuhusu vifo vyenyewe.

Kwa mbinu hizo, na kwa kulipia kadi hiyo kila kitu kuanzia sabuni hadi tairi la mkokoteni, nilifika pointi 38,400. Kila Jumapili nilimpa mke wangu taarifa. "Tumepita nusu," nikamwambia siku moja. Akasema, "Ehe," akaenda kuangalia kama maji yamechemka. Nikajua anazuia furaha isije ikavunjika.

Mwezi wa kumi na mbili, nikiwa namuuliza bwana mmoja vipimo vya marehemu baba mkwe wake, simu ikalia. Ujumbe wenu huu hapa, neno kwa neno: "Mteja mpendwa, pointi zako 38,400 zimefikia mwisho wa muda wake leo. Endelea kufurahia kadi yako."

Ndugu Meneja, mimi huongea habari za kifo kila siku. Sijawahi kumwambia mtu baba yako amefikia mwisho wa muda wake, endelea kufurahia.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu. Akasema, "Basi, pole," akaendelea kupanga vyombo. Akawa anaimba kidogo kidogo kwa pua. Nimewaona wafiwa wa kila aina na nikalitambua jambo hilo: ni mshtuko.

Asubuhi yake nikaja benki kuomba kukabidhiwa mwili. Afisa akaniambia hakuna mwili, "zimefutwa kwenye mfumo". Hapo nikaona ninyi hamkulelewa katika misingi. Nikarudi karakanani, nikachagua mbao safi ya mlango wa chumba cha bei kubwa, nikaunga jeneza la sentimita sitini. Pindo, ambaye kadi hiyo aliipinga tangu mwanzo, alishona satini nyeupe na mto mdogo. Alisema yeye ana ugomvi na mimi, si na marehemu. Juu ya mfuniko nikaandika kwa rangi ya dhahabu: POINTI 38,400. MMETUTANGULIA.

Jumatatu saa tatu asubuhi nikaliweka kwenye kaunta yenu ya huduma kwa wateja.

Pengine umeletewa taarifa ya siku hiyo, na pengine imetiwa chumvi. Ukweli ni huu. Mlinzi alivua kofia. Mama mmoja aliyeshika kitambulisho mkononi akauliza kwa sauti ya chini ni mtoto wa nani. Nikamwambia si mtoto, ni maili. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi na zangu ziko humo." Mwenye saluni nyuma yake akasema zake zilikuwa elfu kumi na mbili, zilikwenda akiwa amelazwa. Fundi simu akasema zake elfu saba, alikuwa anazitunza za harusi, na harusi nayo ikavunjika. Kufikia saa nne hapakuwa na foleni tena, palikuwa na matanga. Mmoja wa watunza fedha wenu alifuta machozi. Wenzake wanasema ana mafua.

Kiongozi wa tawi akatoka ofisini, akaniambia, "Mzee, toa kitu hiki hapa." Nikamwambia atoe kwanza mwili. Akamwamuru mlinzi alibebe. Mlinzi akakataa kwa adabu. Akasema jeneza, liwe dogo kiasi gani, halibebwi na mtu mmoja, na yeye zamu hiyo yuko peke yake. Nilitamani kumwajiri.

Baada ya kueleza hayo, naleta ombi langu, nalo lina vipengele.

(a) Jeneza litambuliwe rasmi kuwa chombo cha safari, na mbao, vanishi, satini na mishikio vipewe pointi mara tatu kuanzia siku tuliyofungua karakana.

(b) Kwa kuwa ni safari, kila abiria anastahili maili za umbali wake. Umbali wenyewe haujulikani, na wenye madhehebu hawakubaliani, hivyo niko tayari kupokea makadirio ya chini. Kwa kuwa abiria hatazitumia, na hajawahi kurudi hata mmoja kuzidai, zihamishiwe kwa fundi.

(c) Pointi zangu 38,400 zifufuliwe. Katika kazi yangu jambo hilo halifanyiki, lakini ninyi mna mfumo.

(d) Yote hayo yakishindikana, mnipe tiketi moja ya kwenda na kurudi kwa ajili ya mke wangu. Kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo, hatutanung'unika. Mwanamke huyu alinivumilia nilipokuwa sina kazi, akauza cherehani yake tukanunua randa ya umeme, na hajawahi kunikumbusha. Nataka amshike mjukuu wake akiwa bado mwepesi. Hapa sifanyi mzaha.

Nisipojibiwa ndani ya siku kumi na nne nitahesabu kwamba ofisi yenu imefariki, na nitakuja na futi kupima kaunta.

Nisalimie afisa mwenye miwani nyekundu, umwambie sina kinyongo, ila ajifunze kukaripia. Msalimie mlinzi. Mtunza fedha mwenye mafua umpe pole, iwe ni mafua au siyo. Yule wa simu mwambie muziki wake ni mzuri na Pindo sasa anashona akiuimba huo. Wasalimie wote wa ghorofa ya pili, na fundi wa lifti siku atakapoonekana, na wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, wote nawaombea wachelewe sana kunifahamu.

Ni mimi nisiyechoka kusubiri,

Fundi Majeneza,
mkabala na shule ya udereva.

Nakala: Shemeji yangu (anapinga).

Nyongeza:

Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mke wangu barua hii ili anisahihishie tahajia. Kwenye lalamiko la nne alicheka hadi akaketi sakafuni. Kwenye kipengele (d) akaacha kucheka, akaninyang'anya karatasi, akakisoma mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Baba watoto, nani alikwambia mimi nataka kupanda ndege?"

Nikamkumbusha ile jioni ya kukunja nguo.

"Nilisema natamani kumwona mtoto," akasema. "Nilisema namfuata? Mimi ngazi za benki tu napanda nimeshika ukuta."

Imebainika kwamba mwaka mzima, kila Jumapili nikimpa taarifa, yeye alikuwa anaomba pointi zisitoshe. Siku zilipokufa ndiyo mara ya kwanza alipolala bila kuota mawingu. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alinitazama nilivyokuwa nahesabu kwa vidole, akaona afadhali woga akae nao yeye. Binti yetu alijua tangu mwezi wa pili, ndiyo maana akawa anakusanya likizo yake kimyakimya. Pindo naye alijua. Anasema alinyamaza kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri nikiwa na matumaini.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, ombi langu nimelifuta, (a) hadi (d). Tafadhali msifufue pointi hata moja. Kama mmekwisha kuanza, acheni hapo mlipofika, maana zikirudi nitaanza tena, najijua.

Barua ningeichana, lakini mke wangu amekataa. Anasema mwandiko wangu haujawahi kunyooka namna hii, na stempu imekwisha kubandikwa.

Binti na mtoto wanafika Alhamisi asubuhi, watakaa wiki sita. Siku hiyo karakana itafungwa. Aliyepanga kufa, apange Ijumaa.